Maswali na majibu: gemu ndogo za mezani za zamani

Fundi, nimepata Pac-Man ya Coleco, ile ndogo ya mezani. Pa kuwekea betri pamejaa ukoga wa kijani na mweupe. Ndiyo imekufa?

Nyingi hazijafa. Gemu hii ilitoka mwaka 1982 na inakula betri nne za ukubwa wa C. Aliyezisahau humo ndiye aliyekuachia kazi. Majimaji ya betri za alkali si asidi, kwa hiyo dawa yake ni siki. Chovya kijiti cha pamba, gusa ukoga, utauona unatoa povu. Ukiisha kutoa povu, futa kwa spiriti, kausha, kisha sugua springi kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Wengi huishia hapo na gemu haiwaki, kwa sababu ukoga hupanda ndani ya ganda la waya. Kwangura ncha ya waya: shaba ikiwa nyeusi, risasi ya kulehemu haishiki. Badilisha waya wote.

Na kama unatumia adapta, ni ya volti 6, na hakikisha chanya na hasi ziko upande wake.

Yangu inalia vizuri lakini kioo ni giza tupu.

Kioo hicho ni bomba lililotolewa hewa. Tafuta doa la rangi ya fedha pembeni, kwa ndani. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na hakuna fundi wa kukusaidia. Tafuta gemu mbovu nyingine uchukue kioo chake. Doa likiwa bado linang'aa, una matumaini: shuku sehemu inayopandisha volti 6 kuwa makumi ya volti, hasa kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) zilizozeeka. Usitie kidole humo gemu ikiwa imewashwa.

Plastiki imekuwa njano. Nitumie haidrojeni peroksaidi?

Inafanya kazi, ikisaidiwa na mwanga wa jua. Mimi niliipaka, nikafunika kwa nailoni iliyojikunja, nikaenda zangu. Niliporudi ganda lilikuwa na mistari kama pundamilia, na mpaka leo lipo hivyo. Tangu siku hiyo ninaosha kwa sabuni tu. Njano ni umri wake, uache.

Nina Ball, gemu ya mkononi ya Nintendo ya mwaka 1980: mlio upo, picha hazionekani.

Vaa miwani ya jua yenye polarizeri (kichujio cha mwanga), uinamishe kichwa huku na huku. Picha zikitokea, kilichoharibika ni ile karatasi ya polarizeri juu ya kioo, nayo hubadilishwa.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue inayowaka au iliyokufa?

Iliyokufa, mradi stika zake ni nzima na kifuniko cha betri kipo. Waya utaupata popote. Kifuniko utakitafuta miaka.