Kamati inataka gazoni, wewe unataka majani ya porini: anza na karatasi uliyotia sahihi

Ndugu yangu, nimekuelewa hivi: umenunua nyumba kwenye makazi yenye ukuta na geti moja hapa Lubumbashi, ukaacha majani na maua ya porini yaote mbele, na sasa kamati ya wakaaji inakutaka ukate yote na kupanda gazoni, yaani majani mafupi yanayokatwa sawasawa, la sivyo utalipa faini. Unauliza kama utawashinda kwa kuwaonyesha sheria za Marekani. Mimi nakaa kwenye makazi ya namna hiyo, mbele ya nyumba yangu hakuna gazoni, na kamati imeniacha. Sheria za Marekani sikuzitaja hata mara moja.

Kesi inayosemwa sana ni ya Columbia, katika jimbo la Maryland kule Marekani. Mume na mke wenye bustani ya mimea ya asili waliandikiwa mwaka 2017 warudishe gazoni, wakaenda mahakamani, wakapatana na kamati mwishoni mwa 2020. Mwaka 2021 jimbo likatunga sheria inayozuia kamati kukataza bustani za namna hiyo. Texas ilikuwa na yake tangu 2013, kwa mimea inayovumilia ukame. Ila zisome hadi mwisho: Maryland inadai bustani itunzwe kila mara, na Texas inaruhusu kamati kuomba mchoro kabla hujapanda. Hata kule, kuacha yaote yenyewe si haki ya mtu.

Huku kwetu jaji atakuuliza karatasi. Dekreti ya Kongo ya 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Na hoja ya "udongo ni wangu" iache nyumbani: kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo ni mali ya Serikali, wewe umepewa konsesheni, yaani haki ya kuutumia. Kwa hiyo toa mkataba wako na kanuni zilizoambatanishwa, utafute kifungu cha mbele ya nyumba. Changu kilidai usafi na utunzaji, basi. Gazoni ilikuwa mazoea ya kamati. Kama chako kinaitaja gazoni waziwazi, kazi yako ni kuomba kifungu kibadilishwe kwenye mkutano mkuu, na hapo unahitaji majirani kuliko wakili.

Sasa majirani. Wengi wetu tumelelewa na mama anayefagia uwanja kabla jua halijapanda. Majani yanayofika mlangoni ni nyumba isiyo na mtu, ni nyoka, ni mahali mwizi anajificha. Usiwacheke kwa hofu hiyo, sentineli wa usiku anayo pia na ana sababu. Mimi nilianza na kingo: mstari wa matofali kando ya barabara, changarawe kuzunguka nyumba yote, njia pana ya kufika mlangoni, na karibu na geti hakuna kinachopita magoti. Ndani ya mipaka hiyo majani ya porini yanakaa yanavyotaka. Mtu akipita anaona kuna mkono uliopanga, na maneno yanapungua. Kuhusu mbu, hakikisha hakuna kopo, tairi wala sahani ya chungu inayoshika maji, maana humo ndimo wanamozaliana.

Hoja iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa maji. Hapa mvua inakatika karibu Mei na kurudi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Katikati ni baridi ya Juni, upepo na vumbi jekundu. Gazoni isiyomwagiliwa inakuwa rangi ya mkeka. Ya kwetu ilimwagiliwa kwa foraji ya pamoja, kisima kirefu cha pampu, pampu inangoja umeme, umeme ukikosekana jenereta inakula mafuta, na mafuta tunachanga wote. Kwenye mkutano sikusema habari za vipepeo. Niliomba mweka hazina asome gharama za kiangazi, nikakaa. Papa mmoja ambaye alikuwa mkali kuliko wote ndiye aliyeuliza kama na yeye anaweza kupunguza gazoni yake.

Chagua mimea kwa macho. Yale maua marefu ya njano ya kando ya barabara, titonia, wengi wanadhani ni ya kwetu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na yatakumeza. Lantana vilevile ni mgeni. Kama una mti wa masuku au miti mingine ya miombo iliyobaki, usiiguse: miombo mingi inatoa majani mekundu mnamo Agosti na Septemba, kabla ya tone la mvua, wakati gazoni ya jirani imekufa. Gloriosa, lile ua jekundu na njano linalopanda kwa ncha za majani, ni zuri lakini lina sumu, hasa mizizi. Mwenye watoto aliache.

Kama una kichuguu mbele, kamati itataka kivunjwe na mafundi wa matofali watakuja kuomba udongo. Mimi ningekitetea kwa sababu ya uyoga unaoota hapo, lakini kama kiko karibu na msingi wa nyumba, sikupingi ukikiondoa.

Peleka barua na mchoro Septemba, ili jibu lije kabla ya mvua za kupandia. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea. Ukitaka, weka hapa maneno ya kifungu chako, ukifuta jina na namba ya nyumba, tukisome pamoja.