Mnaoanza utafiti wa tiba shufaa kwa wazee: anzeni na yule aliyechoka kuliko wote

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, kwa wazee wenye magonjwa mazito, karibuni sana, watu tunahitajika kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kila mwaka watu kama milioni 56.8 wanahitaji hii huduma na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu, na wengi wa wanaohitaji wameshavuka miaka 50. Mtaambiwa mengi kuhusu mbinu na takwimu, yasomeni yote, ila mimi kuna jambo moja nalishikilia: anayekosekana kwenye data yako mara nyingi ndo yule uliyeanzisha utafiti kwa ajili yake. Aliyezidiwa hawezi kujaza dodoso, mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) umemwacha nje kwa vigezo ulivyoweka mwenyewe, asiyesikia vizuri simu haikumfaa, aliyefariki mwezi wa pili hana jibu la mwezi wa tatu, alafu unakuja kuandika "wagonjwa walisema" wakati waliosema ni wale waliokuwa bado na nguvu za kusema.

Kwa hiyo ukikaa kupanga, usiwaze mgonjwa wa wastani. Muwaze aliyechoka kuliko wote pale wodini, ataweza kukaa na wewe dakika ngapi, atajibu maswali mangapi kabla hajafumba macho, na asipoweza kabisa nani atajibu badala yake. Ukishapata majibu hayo ndo uanze kuandika mpango wako.

Washiriki kufariki katikati ya utafiti ni sehemu ya kazi yenyewe, na supavaiza aliyezoea fani nyingine anaweza kukuuliza kwa nini data imepotea hivyo kama vile umezembea. Mwoneshe mwongozo wa MORECare uliotoka Uingereza mwaka 2013, unasema wazi kwamba kwenye utafiti wa watu walio karibu na mwisho wa maisha upotevu wa data unategemewa, kinachotakiwa ni uukadirie mapema, uongeze idadi ya washiriki, na wakati wa kuripoti utenganishe waliotoka kwa sababu wamefariki, waliotoka kwa sababu ugonjwa umezidi, na waliotoka kwa sababu zingine. Hayo makundi matatu usiyachanganye hata siku moja. Aliyehama mji na aliyezidiwa mpaka hawezi kuongea wote hawana jibu, lakini ukosefu wa jibu la yule wa pili unakueleza kitu kikubwa kuhusu hali yake, na ukimjazia namba kwa makadirio ya wale waliobaki umemfanya aonekane mzima kuliko alivyokuwa. Pia kipimo chako kikuu, kile kinachojibu swali lenyewe la utafiti, kiweke mapema, wiki chache tu baada ya kuanza, usiseme miezi sita eti kwa sababu utafiti mwingine ulifanya hivyo.

Mfano mzuri wa kusoma ni utafiti wa dimenshia iliyofika hatua ya mwisho uliochapishwa Marekani mwaka 2009. Walifuata wakazi 323 wa vituo 22 vya kutunzia wazee kwa miezi 18, na zaidi ya nusu wakafariki ndani ya muda huo. Hawakutegemea mgonjwa ajaze chochote, taarifa zilitoka kwa wauguzi, kwenye mafaili, na kwa ndugu mwenye dhamana ya kumwamulia, na kifo kilikuwa ndani ya vitu vinavyopimwa toka mwanzo. Ndo tukajua vizuri jinsi homa, nimonia na shida ya kula zinavyowaandama hawa watu, na kwamba pale ndugu walipoelewa ugonjwa unaelekea wapi, mgonjwa alipitishwa kwenye taratibu chache zaidi za hospitali zinazomtesa katika miezi mitatu ya mwisho. Kwangu huu ni ushahidi kwamba mtu asiyeweza kuongea anaweza kuwa katikati ya utafiti kabisa.

Kuna utafiti mwingine kila anayeanza anaunukuu, ule wa 2010 wa saratani ya mapafu, wagonjwa 151, ambapo waliopewa tiba shufaa mapema walikuwa na hali bora ya maisha na wakaishi wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni kazi nzuri sana. Ila wale walikuwa watu wenye saratani iliyosambaa na wametoka kugunduliwa karibuni, wakati bibi wa miaka 88 mwenye moyo dhaifu, figo zinazochoka na kumbukumbu inayopungua anashuka kwa namna nyingine kabisa. Saratani mara nyingi mtu anakaa sawa alafu anashuka haraka, ugonjwa wa moyo au mapafu unapanda na kushuka ghafla ghafla, udhaifu wa uzee na dimenshia ni kuteremka polepole kwa miaka. Usichukue ratiba ya vipimo ya kundi moja ukaibandika kwa lingine.

Sasa kuna hili la kulinda wazee. Utakuta muuguzi anakwambia huyu usimsumbue, mtoto wake naye anasema mama kachoka, na wanasema kwa upendo, siwalaumu hata kidogo. Lakini mama mwenyewe hajaulizwa! Na gharama ya kutouliza ipo, manake wazee wanaendelea kupewa vitu kwa mazoea. Tazama deliriamu, kule kuchanganyikiwa kwa ghafla. Kwa miaka mingi dawa za kutuliza akili kama haloperidol zilitumika kwa wagonjwa wa tiba shufaa, hadi jaribio la Australia lililochapishwa 2017 lenye washiriki 247, wastani wa umri karibu miaka 75, likaonesha waliopewa haloperidol au risperidone dalili zao zilikuwa mbaya kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu ndani. Au oksijeni, mwaka 2010 watu 239 wenye kubanwa pumzi ila oksijeni ya damu haijashuka sana walipewa ama oksijeni ama hewa ya kawaida kupitia mrija wa puani, na oksijeni haikuonesha faida ya ziada. Mwaka 2015 tena, watu 381 waliokuwa na maisha mafupi mbele yao, wengi wazee, nusu wakaachishwa statini, dawa za kushusha kolesteroli, vifo ndani ya siku 60 havikutofautiana kitakwimu na walioacha walikuwa na hali bora kidogo ya maisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kingejulikana kama kila mtu angesema msiwasumbue. Kaa na wauguzi kabla hujaanza, waeleze hayo, waombe wakuruhusu kuuliza tu, na mzee akisema hapana iishe hapo hapo bila kubembeleza.

Ridhaa usiichukulie kama sahihi ya siku moja. Mzee anaweza kuwa na akili timamu saa nne asubuhi na jioni hajui yuko wapi, kwa hiyo uliza wauguzi saa zake nzuri ni zipi, na kila unaporudi anza upya, je bado unataka tuendelee? Akiwa bado anaelewa muulize pia mapema kabisa, "ukifika wakati huwezi kuamua, tuendelee au tuache, na nani akusemee?", alafu uandike jibu lake. Na mwenye dimenshia akigeuza uso au akausukuma mkono wako, hiyo ni hapana hata kama mtoto wake ameshasaini.

Dodoso liwe fupi, fupi kweli. Swali la kipimo chako kikuu liwe la kwanza, sio la ishirini, ili akichoka katikati uwe umeshapata kile cha muhimu. Soma kwa sauti, maandishi yawe makubwa, hakikisha miwani na kifaa cha kusikia viko mahali pake kabla hujaanza. Kama hawezi kusema maumivu yake tumia kipimo cha kuangalia kama PAINAD, unatazama vitu vitano, anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika, kila kimoja sifuri hadi mbili. Ukimuuliza ndugu, kumbuka ndugu huwa wanaona vizuri vinavyoonekana kwa macho kama kutembea na kula, ila maumivu na huzuni mara nyingi wanayapima juu kuliko mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo andika wazi jibu limetoka kwa nani na usiyachanganye kwenye safu moja.

Kabla ya kupiga simu yoyote ya ufuatiliaji, pitia orodha na wodi ujue nani amefariki. Kila mara. Familia iliyofiwa haitakiwi kupokea simu inayomuulizia marehemu anaendeleaje, na ukiruka hatua hii umeumiza watu waliokuamini. Timu iwe na mtu wa kuongea na nyie wakusanya data pia, vifo vinafuatana na vinaelemea.

Mwisho wa yote, kabla mpango haujaenda kamati ya maadili, upeleke kwa wazee wachache wanaougua na wanaowauguza, walipwe muda wao, wausome au wasomewe. Wakuambie swali gani linaumiza, lipi halieleweki, na ziara ngapi zinawezekana kwa mtu aliye kitandani. Wakisema ziara nne ni nyingi, punguza.