Re: Mtoto kutoka Longido anachekwa darasani

Pole, Mwalimu. Kumbe mwanafunzi wako mgeni hajibu chochote tangu wenzake wamcheke alipochanganya Kiswahili na Kimaasai. Nami yalinikuta hapa Arusha, darasa la tatu, watoto sabini na kitu.

Kwanza zima kicheko papo hapo, bila viboko. Ukimchapa aliyecheka, mgeni ndiye atakayelipa wakati wa mapumziko. Mkalishe na mwenzake anayejua Kimaasai, wanong'onezane maswali. Walimu wa kwetu huita hiyo kelele, mimi naita kazi. Usimsimamishe ubaoni wiki za mwanzo. Mimi nilianza na hesabu ya vizibo vya soda: mgeni wangu akahesabu kwa sauti ndogo, nabo, are, uni (moja, mbili, tatu kwa Kimaasai), nasi tukamfuata. Kesho yake watoto wawili walimwamkia "supai", salamu ya Kimaasai, mlangoni. Ila usimgeuze maonyesho kila siku.

Jambo moja nililochelewa kuliona: wangu alikuwa akigeuza shingo kila nikiongea. Sikio moja lilikuwa linatoa usaha! Kama wako hajibu hata kwa Kimaasai, muite mzazi, wampeleke akapimwe. Hospitali ya Mount Meru ipo hapa Arusha mjini. Usimwandike "mzito" kabla ya hapo.