Tundu la hewa kwenye chumba cha giza

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimegeuza stoo kuwa chumba cha giza cha uyoga wa mamama, mifuko ya kuoteshea kama 200. Nikiacha tundu la hewa mwanga unapenya, nikiziba kwa gunia chumba kinakuwa na joto na harufu ya uchachu. Nifanyeje hewa ipite bila mwanga?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba. Mwanga hunyooka, hewa hukata kona. Chukua bomba la PVC la inchi 4, ulifunge kona mbili za nyuzi 90, mdomo wa nje utazame chini. Kabla ya kuunga, paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa, maana bomba jeupe hurudisha mwanga kona hadi kona. Liweke chini ukutani, tundu la kutolea liwe juu upande wa pili, nalo likatwe kona vilevile. Nje weka wavu wa kuzuia nzi. Kona na wavu hubana hewa, kwa hiyo kwa kila tundu la kutolea weka mabomba mawili ya kuingizia, hata matatu. Saa sita mchana jifungie humo dakika kumi. Usipouona mkono wako, basi.

Sasa nikuulize: hilo gunia nani alikuelekeza? Jibu nalijua. Ni wale wa semina za siku moja, unalipa kiingilio, unauziwa mbegu na mifuko, unaambiwa "uyoga ni giza, ziba kila ufa." Wiki haipiti sijaletewa mifuko iliyoota ukungu wa kijani kwa ushauri huo.

Mwanga kidogo hauui utando, yaani ule weupe wa uyoga unaotanda ndani ya mfuko. Mwanga ukizidi, mfuko huweza kuchipua kabla haujajaa weupe, hasara ndogo. Kinachoua ni joto. Utando unapumua kama mimi na wewe, na katikati ya mfuko joto hupita la chumbani. Mamama anataka nyuzi 25 hivi. Ikifika 35 anaumia, ukungu unachukua nafasi. Na Moshi ya Januari unaijua mwenyewe! Tundika kipimajoto katikati ya mifuko, si ukutani. Mifuko isibanane rafuni. Iliyochacha itoe leo.

Chumba cha mwanga, mifuko inakohamia ili ichipue, nako ni yaleyale: wanaziba unyevu usitoke, uyoga unakosa hewa safi, unarefuka shina, kofia kama kifungo cha shati, halafu lawama anapewa muuza mbegu.

Linalonitisha zaidi liko Arusha. Juni baridi ikibana, mtu anaingiza jiko la mkaa kwenye chumba alichokiziba hivyo, kisha anaingia mwenyewe kukagua mifuko. Gesi ya mkaa haionekani wala hainuki, nayo inaua. Baridi hiyo ingemchelewesha tu: wiki tatu za utando zingekuwa tano.