Kabla hujasema huwezi kuchonga, pima buti zako

Ujumbe wa msomaji umenifanya niweke pembeni makala niliyokuwa nikiandika. Yuko kwenye ubao wa theluji (snowboard) msimu wa tatu sasa. Kuruka anaruka, kwenye mabomba ya chuma anateleza bila wasiwasi, ila akitaka kuchonga kona kwa kasi, yaani kuulaza ubao juu ya ukingo wake hadi ukate theluji pasipo kuburuzika, ukingo wa upande wa visigino unatetemeka kisha unamtupa. Mwalimu kamwambia aongeze mazoezi. Muuza duka kamwambia anunue ubao mpya. Mwishoni ananiuliza, kwa aibu kidogo: au kuchonga ni mambo ya wazee?

Nianze na hilo la wazee, maana linanichoma. Ubao ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Nagano 1998, ulikuja na mashindano ya aina mbili tu: slalomu kubwa, yaani mbio za kupita malango kwa kuchonga kona, na hafupaipu, yaani mitindo ya kuruka ndani ya mfereji wa theluji. Mbio zilikuwa nusu ya mchezo. Dhahabu za mbio zilichukuliwa na Ross Rebagliati wa Kanada na Karine Ruby wa Ufaransa. Kuanzia 2002 mbio zikawa za wawili wawili kwenye njia mbili sambamba. Sochi 2014 ikaongezwa slalomu fupi sambamba, Vic Wild akatwaa dhahabu zote mbili, lakini mwaka huohuo slopustaili, shindano la miruko na vyuma, nayo ikaingia. Kufika Pyeongchang 2018, slalomu fupi imeshaondolewa na shindano la mruko mmoja mkubwa limewekwa. Michezo hiyohiyo ya 2018 Ester Ledecká wa Ucheki alishinda dhahabu ya super-G, mbio za kasi za kushuka mlima, kwenye ski, kisha akashinda nyingine kwenye ubao. Mtaje mbele ya wapanda ubao leo uone wangapi watakukodolea macho.

Sababu ya kuchonga kusahauliwa haina fumbo. Mruko unaeleweka kwenye video ya sekunde kumi hata kwa mtu asiyewahi kugusa theluji, wakati kona safi ikipigwa kwa mbali ni mtu aliyeinama tu. Halafu buti ngumu za plastiki za wachongaji zilifanana mno na za ski, na vijana wa ubao walikuwa hawataki kufananishwa na watu wa ski kwa lolote. Sina ugomvi na wanaoruka. Ninachogomba ni kilichofuata: maduka yakajaa mbao za mtindo huru, yaani za miruko na mbwembwe, mkao wa mtindo huru ukawa ndio wanaopewa wote, na anayetaka kuchonga anakabidhiwa kifaa kilichopangwa kwa kazi nyingine halafu anaambiwa hana kipaji.

Basi kabla ya mazoezi, na kabla ya pesa, chukua rula.

Weka ubao sakafuni, funga buti kwenye vifungio, vile vinavyozishikilia juu ya ubao, kama unavyozifunga mlimani, kisha simamisha rula wima ikigusa ukingo wa chuma upande wa visigino. Pima vitu viwili. Kwanza, kisigino, pamoja na kikombe cha kifungio, kimeuzidi ukingo kwa sentimita ngapi. Pili, sehemu hiyo iliyozidi iko juu ya ukingo kwa sentimita ngapi. Tuseme imezidi sentimita 3 na iko juu sentimita 3. Ubao ukilala nyuzi 45 tu, kisigino kinagusa theluji, kinaunyanyua ukingo, nawe unakwenda na mgongo. Ikizidi sentimita 2 kwa kimo hichohicho, unafika kama nyuzi 56. Ikizidi 1, kama nyuzi 72, na huko wengi wetu hatufiki. Hizo ni hesabu za theluji ngumu. Kwenye theluji laini ukingo unazama, kwa hiyo buti inagusa mapema zaidi. Rudia kipimo upande wa vidole. Mara nyingi utakuta upande mmoja umezidi sana na mwingine haukuzidi kabisa, kwa sababu kifungio hakikuwekwa katikati. Kukisogeza ni kazi ya dakika tano.

Ukishaweka katikati na bado buti zinazidi, zungusha vifungio. Mkao wa mtindo huru ni kama wa bata, nyuzi 15 mbele na 15 nyuma kwa kinyume, ili uende vizuri pande zote mbili. Mchongaji anakwenda upande mmoja. Kwa buti laini anza na nyuzi 24 mguu wa mbele na 6 au 9 wa nyuma, yote ikielekea puani, yaani ncha ya mbele ya ubao. Ukizoea, nenda 30 na 15. Diski za vifungio vingi zina alama kila nyuzi 3, kwa hiyo ongeza alama moja au mbili kwa wakati, panda ubao siku nzima, ndipo uongeze tena. Magoti ndiyo yanayolipa haraka ya mtu. Miguu yote ikielekea mbele, punguza pia upana wa mkao kwa sentimita 2 au 3, la sivyo goti la nyuma litavutwa ndani. Tumia bisibisi ya Pozidriv namba 3, hiyo ya msalaba ya kawaida inakula vichwa vya skrubu. Kaza, shuka mara moja, kaza tena. Kama hata kwa nyuzi hizo buti bado zinazidi sana, hapo muuza duka alikuwa na haki kidogo: unahitaji ubao mpana zaidi. Mpana, si mpya.

Kinachofuata ni ukingo wenyewe. Pitisha kucha kwa kukatisha ukingo, usiifuate urefu. Isipokwangua unga mweupe wa kucha, ukingo ni butu. Wanaoteleza kwenye vyuma hubutua kingo kwa makusudi katikati ya miguu ili zisikwame, na ubao wa kununua mkononi unaweza kuwa umefanyiwa hivyo bila wewe kujua. Ubavuni noa nyuzi 88 au 89. Upande wa chini acha nusu nyuzi hadi nyuzi 1. Chini hapo nenda pole sana, kwani ukishaondoa chuma kingi huwezi kurudi bila kusaga uso wote wa ubao. Paka kalamu ya wino mzito kwenye ukingo kabla ya kupitisha tupa yenye kishikizo kinachoishikilia kwenye pembe uliyochagua. Wino ukitoka wote, tupa imegusa chuma chote. Ukibaki mstari, unanoa pembe tofauti na ile iliyopo. Maliza kwa kinoo cha almasi kilicholowa maji kuondoa vijichuma vilivyojikunja, kisha butua kidogo tu pale puani na mkiani ambapo ukingo unaachana na theluji.

Vifaa vikikaa sawa, nenda kwenye mteremko wa wanaoanza. Ndiyo, wewe unayeruka. Asubuhi, mara tu mashine zikishausawazisha, kabla watu hawajauvuruga. Elekeza pua chini, ulaze ubao upande mmoja, usigeuze chochote, subiri. Ubao utapinda wenyewe, utapanda mlima kidogo na kusimama. Kisha geuka utazame alama yako, kwa sababu alama haibembelezi mtu. Mstari mwembamba kama wa penseli toka mwanzo hadi mwisho ni kona iliyochongwa. Ukianza mpana kama upepeo halafu ukawa mwembamba, uligeuza ubao kabla ya kuulaza. Ukianza mwembamba ukaishia mpana, uliusukuma mguu wa nyuma katikati ya kona, pengine kwa hofu ya kasi. Na ukiona mkwaruzo wa pili sambamba na mstari, hiyo ni buti. Rudi kwenye rula.

Ule mtetemo wa visigino, ukishaondoa buti na ubutu kwenye orodha ya washukiwa, kwa kawaida ni mkao wa chooni: miguu imenyooka, makalio nje, kifua kimelala juu ya magoti. Uzito unakaa mbali na ukingo, ukingo unashika, unaachia, unashika. Kunja magoti, inua kifua, vuta vidole vya miguu juu ndani ya buti kana kwamba unataka vikuguse mundi, na macho yafuate kona inakoenda, yaani nyuma ya bega la mbele. Uegemeo wa kifungio, ule ubao wa nyuma ya mguu, uinamishe mbele hatua moja au mbili, na uuzungushe ulingane na ukingo badala ya kulingana na buti. Ingia kwenye kona uzito ukiwa mguu wa mbele, na kufika katikati ya kona uwe umegawanyika sawa. Upande wa vidole kosa ni moja tu, kuinama kuitafuta theluji kwa mkono. Picha za wachongaji wenye mkono chini zimeharibu watu wengi. Peleka nyonga kwenye theluji na mkono utafika wenyewe. Ukiupeleka mkono kwanza, nyonga inakwenda upande wa pili na ukingo unainuka. Waswisi Jacques Rilliet na Patrice Fivat walipoujenga mtindo wao wa kulala mwili mzima juu ya theluji pande zote mbili, ubao ndio uliolala kwanza.

Sasa kuhusu kuhamia kwenye buti ngumu na ubao mwembamba. Ubavu wa ubao ni sehemu ya duara, na nusukipenyo cha duara hilo huandikwa katika vipimo vya ubao. Ubao wa mtindo huru una mita 7 au 8. Ukiulaza, kona yake inakuwa ndogo zaidi: mita 8 kwa nyuzi 45 inakupa kona ya kama mita 5.7. Kwa hesabu rahisi, kona hiyo unaweza kuegemea sawasawa kwa kama kilomita 27 kwa saa. Ubao wa mbio wenye mita 20, kwa mlalo uleule, unakwenda kama kilomita 42. Ndiyo maana ukijaribu kuwafuata wachongaji wa mbio kwa ubao wako mfupi unaona unataka kukukunja kabla wewe hujawa tayari.

Hata hivyo, usianze na ubao wa mbio. Huo wa sentimita 185 hautapinda chini ya mtu anayekwenda polepole, utakupeleka moja kwa moja hadi kwenye wavu. Anza na urefu wa sentimita 160 hadi 170, nusukipenyo cha mita 10 hadi 12, kiuno (sehemu nyembamba zaidi ya ubao) cha sentimita 20 hadi 22, nyuzi za vifungio kati ya 50 na 60. Inua kidogo vidole vya mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma, kama nyuzi 3 kila kimoja, ili magoti yakutane bila kulazimishwa. Mafundi wapo bado: Donek Marekani, Kessler Uswisi, SG Austria. Wengi lakini huanzia kwenye vya mtumba, na hapo uwe mkali. Plastiki ya buti huzeeka hata ikiwa kabatini. Ikunje kwa nguvu, tafuta nyufa kwenye maungio na kwenye ncha za kisigino na vidole zinazoshikwa na kifungio. Vifungio vya zamani usivinunue kabisa, hata kwa bure. Chuma kilichochoka hakitoi taarifa, na mguu mmoja ukifunguka huku wa pili bado umefungwa, goti ndilo linalozunguka.

Wanaotaka mbio, jambo moja la kuanzia. Lango la ubao lina nguzo mbili, ndefu na fupi, zenye kitambaa cha pembetatu kati yake. Ile fupi iko ndani ya kona ili mwili upite juu yake. Mgeni huilenga hiyo nguzo, anaanza kona akiifikia, kona inaishia chini ya lango, na lango linalofuata anafika amechelewa zaidi, hadi la tano au la sita anatoka nje. Kona ianze juu, sehemu kubwa iwe imekwisha unapopita nguzo, na macho yawe lango la pili mbele. Shirikisho la kimataifa la ski na ubao (FIS) hupeleka 16 bora wa mchujo kwenye mitoano ya ana kwa ana, na wengi wanaotolewa hapo hutolewa baada ya kumtazama jirani.

Na mlimani penye watu, kumbuka unachokifanya si cha kawaida kwa walio nyuma yako. Wao wanategemea ushuke, wewe unakatisha mteremko mzima na kona yako inapanda juu. Katika kanuni 10 za FIS, aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumpisha aliye chini, ila kanuni ya 5 inamtaka anayeingia, anayeanza au anayepanda mlima atazame juu na chini kwanza. Kona iliyofungwa hadi inapanda inakuweka wewe kwenye kanuni ya 5. Upande wa visigino una mgongo kwa mlima, huoni kitu, kwa hiyo tazama kabla ya kubadili ukingo, si baada. Ukiwa na mwenzako, mmoja abaki juu pembeni na ainue mkono mteremko ukiwa mtupu.