Lori la dizeli: lini uliache lingurume, lini ulizime

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: asubuhi usubiri dakika ngapi kabla ya kuondoka, ukifika uzime papo hapo au ungoje, na kama ni kweli anavyosema yule mzee wa foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwamba injini ya dizeli haizimwi usiku. Nimeendesha malori miaka 19, sehemu kubwa kati ya Malaba na Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda. Hilo swali lako la pili lilinigharimu turbo nzima, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani yake, kwa hiyo naanza nalo.

Wakati ule nilikuwa napeleka saruji Kisoro kutoka Tororo. Anayeijua barabara ile baada ya Kabale anaujua mlima wa Kanaba. Unapanda kwa gia nzito, mguu hautoki kwenye mafuta, hadi unapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa na desturi moja: nikifika juu nasimama, nazima hapo hapo, nateremka kukagua kamba. Niliamini naipumzisha injini. Ikaenda hivyo miezi mingi, kisha lori likaanza kupiga mluzi kila ninapokanyaga, nguvu ikapungua, na moshi wa bluu ukawa unatoka nyuma.

Fundi mmoja wa Kabale alifungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akashika ncha ya shafti ya turbo na kuitikisa. Ilicheza huku na huku kama jino bovu, na bomba lote lilikuwa limelowa oili. Halafu akafungua kibomba kinachorudisha oili chini, akakikwangua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na ukoko. Nasema ukoko kwa maana ile ile ya sufuria ya wali: mweusi, mkavu, umeng'ang'ania chuma. Ile ilikuwa oili yangu.

Chanzo ni hiki. Lori likipanda na mzigo, moshi unaoingia kwenye turbo huzidi nyuzi joto 500, na shafti yake inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kinachoilainisha na kuipoza ni oili inayosukumwa na pampu, na pampu inaendeshwa na injini. Ukizima, pampu inasimama saa hiyo hiyo. Shafti bado inazunguka bila oili mpya, na joto la nyumba ya turbo linarudi ndani kwenye beringi, likiikuta ile oili kidogo iliyobaki imetulia tu. Inaungua. Leo tone, kesho tone, mwisho njia inaziba na beringi inakula chuma kwa chuma.

Kwa hiyo baada ya kupanda mlima, au baada ya mwendo mrefu na mzigo, acha injini ingurume polepole dakika tatu hadi tano, ndipo uzime. Mimi sitazami saa. Utingo anazunguka na nyundo kugonga matairi yote 22, na akimaliza la mwisho ndipo nazima. Lakini tumia akili pia. Kama umeingia Kampala jioni ukatambaa kwenye foleni kuanzia Bweyogerere, injini imeshapoa njiani, dakika moja inatosha. Na tafadhali acha ile tabia ya kupiga resi mara moja halafu kuzima. Ukifanya hivyo unaichapa turbo ikimbie, kisha unaikatia oili.

Kuna hali mbili tu za kuzima bila kungoja: taa ya oili imewaka au maji yamemwagika. Hapo usihesabu dakika. Ila kama geji ya joto imepanda kwa sababu ya mlima, na maji yapo na oili ipo, toka kwenye lami, weka gia huru, acha ingurume na feni iipoze. Usifungue rejeta ikiwa moto, wala usiimwagie injini maji baridi. Silinda hedi inapasuka hivyo, na nimeona ikitokea.

Asubuhi ni rahisi zaidi. Washa, usikanyage, tazama geji ya oili ipande. Oili iliyolala usiku ni nzito na inahitaji muda kidogo kufika juu kwenye turbo. Kisha ngoja upepo wa breki ujae, maana bila upepo hata hivyo huendi popote. Kwa Tororo au Jinja, upepo ukijaa injini nayo iko tayari. Kabale alfajiri, kwenye ule ukungu, ongeza dakika mbili tatu. Baada ya hapo ondoka taratibu, bila kuilazimisha, mpaka geji ya joto ifike mahali pake. Injini inayofanya kazi nyepesi inapata joto haraka kuliko iliyosimama ikinguruma nusu saa uani. Na kama geji haifiki mahali pake kamwe, muulize fundi kama thamostati ipo, kile kifaa kinachozuia maji kwenda kupozwa kabla injini haijapata joto. Wengi huitoa wakidhani huku kwetu joto linatosha, na injini inakunywa dizeli na kutoa masizi kila siku kwa sababu haipati joto lake.

Sasa yule mzee wa Malaba. Anachosema kina asili: kwenye nchi za barafu dizeli huganda kwenye tangi, na ukizima usiku huenda usiwashe asubuhi. Malaba hapagandi kitu. Lori kubwa likinguruma limesimama linakunywa kama lita tatu kwa saa. Saa kumi za usiku ni lita 30, na hizo ndizo anazokudai bosi wako. Tena ikinguruma polepole bila mzigo inapoa, dizeli haiungui yote, na iliyobaki inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa stiki ya oili baada ya wiki ya foleni, uinuse. Ukisikia harufu ya dizeli, au ukiona kiwango kimepanda wakati hujaongeza kitu, ujue unalainisha beringi kwa mafuta ya kuwashia.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko injini. Matingo wetu wanalala chini ya trela, na malori yamebanana mbele na nyuma, yote yakinguruma. Utingo wangu mmoja aliamka Malaba akishika kichwa, anatapika, hawezi kusimama. Tulimpeleka kwenye hewa safi akapata nafuu, lakini usiku ule sitausahau. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kijana anayelala humo usiku baada ya usiku ni mtoto wa mtu.

Najua sababu yenyewe ya wengi kutozima, hata kama hawaisemi. Betri imechoka au stata inasumbua, na dereva anaogopa foleni isogee yeye akiwa amekwama, wenzake wakimpigia honi. Kama ndivyo ilivyo kwako, usibishane na bosi juu ya mafuta. Mpigie hesabu ya lita 30 kwa usiku, zidisha kwa usiku unaolala mpakani kwa mwezi, mwekee mbele pamoja na bei ya betri mbili mpya. Mimi nilifanya hivyo, na betri nilinunuliwa wiki ile ile.