Muulize Shangazi: Nyimbo nne tu, na sasa silali

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta. Mwaka jana rafiki yangu alinipeleka Msasani kujifunza tango, ile dansi ya Argentina ya wawili wawili, na sasa kila Alhamisi sikosi milonga, ile jioni ya kucheza. Mwezi uliopita nilicheza na kaka mmoja ambaye hata kazi yake siijui. Zilipigwa nyimbo nne za Di Sarli, yule mpiga piano mwenye okestra yake ya tango, nikatoka pale machozi yananilenga, na usiku sikulala. Wiki iliyofuata alinisalimia vizuri tu, akacheza na wengine, mimi hakunitazama. Nimeumia. Kinachonitesa zaidi, nina mchumba, mahari imeshalipwa nusu, na sijamwambia lolote. Je, nimempenda huyu mtu? Na mbona amenidharau?
Mwenye Mawazo, Kinondoni

Marahaba, mwanangu. Kwanza usijione aibu. Ulichokihisi kilikuwa kweli.

Tango ya ukumbini si ile ya jukwaani ya kurusha miguu. Mnasimama kifua kwa kifua, mwanamke mara nyingi amefumba macho, anarudi kinyumenyume kwenye ukumbi uliojaa watu, roho yake mikononi mwa mtu asiyemjua. Na mwanamume anayejua kucheza hakurupuki. Kabla ya hatua ya kwanza anahamisha uzito kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka ajue wewe umesimamia mguu upi. Hebu niambie, mjini humu, ni nani mwingine wiki nzima aliyekungoja mpaka ajue umesimamia mguu upi? Asubuhi unabanwa kwenye mwendokasi, ofisini unadaiwa hesabu, nyumbani unaulizwa vikao vya harusi vimefikia wapi. Halafu anatokea mtu anakusikiliza kwa mwili mzima. Machozi yasitoke kwa nini?

Mume wangu alipofariki, watu walinipa mkono wa pole miezi na miezi. Siku ya kwanza niliyocheza tanda nzima, yaani nyimbo kadhaa mfululizo na mtu mmoja, baada ya msiba, nililia begani kwa mtu ambaye hata sura yake sikuiangalia vizuri. Hakuuliza kitu. Alipunguza hatua tu, akaendelea kutembea nami. Mpaka leo namwombea heri.

Tena nyie mlipigiwa Di Sarli! Fidla zake zinakwenda pole, piano yake mwenyewe inajibu chini chini, na kati ya kifungu kimoja cha muziki na kingine pana nafasi ya watu wawili kuvuta pumzi pamoja. Ingekuwa D'Arienzo, yule wa mdundo wa kasi, mngecheka, mkafuta jasho, basi. Muziki huu ulikua mwishoni mwa karne ya 19 Buenos Aires na Montevideo, miji ya bandari kama huu wetu, kati ya wahamiaji waliotoka Italia na Hispania na wazao wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Wengi wao walikuwa mbali na kwao. Upweke umo ndani ya nyimbo hizo tangu mwanzo, na mwenye upweke wake akizisikia, zinamkuta.

Sasa sikia hili. Tanda ni nyimbo tatu au nne za okestra moja, kama dakika 12 hivi. Halafu kinapigwa kipande kifupi cha muziki wa namna nyingine, wanaita kortina, kila mtu anarudi kitini. Wengi wanaiona kortina kuwa nafasi ya kunywa maji. Mimi naona bila hiyo tusingethubutu kushikana vile. Ungejua kwamba kila unayemkumbatia kesho atakudai, ungemkumbatia nusu nusu. Kwa kuwa mwisho unajulikana, unatoa vyote, kisha unasindikizwa kwenye kiti chako na heshima yako nzima. Yule kaka alikupa kilicho chake kwa nyimbo nne. Hana deni, na wewe huna.

Kwa hiyo hakukudharau. Kwa desturi ya Buenos Aires, tanda moja au mbili na mtu mmoja kwa usiku zinatosha. Mkiunganisha nyingi mfululizo, ukumbi mzima unaelewa mna jambo. Huenda aliona ulivyotoka, akaamua kukupa nafasi. Huenda pia hakutaka kucheza nawe wiki ile, na hiyo ni haki yake, kama ilivyo haki yako kugeuza macho usipotaka. Ndiyo maana watu wanaitana kwa kabeseo, kutazamana kwa mbali na kuinamisha kichwa kidogo kukubali, ili asiwepo wa kukataliwa mbele za watu. Je, wewe ulimtazama? Kina dada wengi nawaona wameinamia simu, kisha wanalalamika hawakuitwa.

Mimi nimekulia kwenye dansi. Miaka ya 80 ilikuwa Mlimani Park, Sikinde yenyewe, bendi iliyoanza 1978, na mwanamume alikuja mpaka mezani akaomba ruhusa kwa yule uliyekuja naye. Kwenye tango unaulizwa wewe mwenyewe. Mimi hii naipenda zaidi.

Nikupe mfano wa adabu ninayoisema. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya wimbo wa Pugliese, mwenye okestra mwingine wa tango, muziki kimya, giza totoro. Niliyekuwa nacheza naye alifungua mikono palepale, kifua chake kikaondoka, akabakiza kiganja kimoja chini ya mkono wangu nisije nikajikwaa. Hatukusema neno mpaka jenereta ilipowaka. Muziki ulipokoma, na ruhusa ya kunikumbatia ilikoma, na alilijua hilo gizani bila kuambiwa. Mtu wa namna hiyo nacheza naye miaka yote.

Umempenda? Sidhani. Mtu ambaye hata kazi yake huijui, unachokitamani kwake ni kule kusikilizwa. Hapo ndipo suala linaporudi kwa mchumba wako. Anakusikiliza? Mkikaa wawili, anajua siku yako ilikwendaje? Mwambie. Huyo kaka muache nje ya mazungumzo, hakuna alichofanya. Mwambie unacheza tango, mnavyoshikana, na kwa nini Alhamisi huwezi kukosa. Mpeleke akae, aone kwa macho yake. Akisema imani yake hairuhusu mke wake kukumbatiwa na wanaume wengine hata kwa dansi, lichukue kwa uzito, na kama imani yako nayo inasema hivyo sitakutafutia njia ya pembeni. Ila lizungumzeni sasa, kabla nusu ya pili ya mahari haijaletwa.

Na huyo kaka akianza kukutumia ujumbe usiku wa manane, hiyo si tango tena. Niandikie upya.

Shangazi, mimi ni mwanaume, nacheza tango mwaka wa pili. Nikienda kumshika dada mkono aje tucheze, ananiambia amechoka, halafu namwona anainuka na mwingine. Nifanyeje?
Mchezaji, Tabata

Acha kwenda kushika mikono. Kaa mahali taa inapokufikia, subiri tanda ianze, ujue okestra ni ipi, ndipo umtazame mtu. Akikujibu kwa kichwa, mfuate mpaka alipokaa. Akitazama pembeni, umeshajibiwa, hakuna aliyejua. Mkiingia, subirini aliyeko nyuma awaone, maana mzunguko unakwenda kinyume cha saa na anayeingia kichwakichwa anawavuruga wote. Beba shati la pili, joto la Februari unalijua. Na kama una tabia ya kumfundisha mwenzio katikati ya wimbo, weka mguu hapa, usifanye vile, iache kuanzia wiki hii. Hakuna kinachowafukuza wanawake kama hicho, nimewasikia wakisema wenyewe kule chooni.